Moshi wa Saa Tisa

Nyumbani, 19 Agosti

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mnara wa simu nao uliungua, na sisi huku tumerudi enzi za posta. Mwandiko uuvumilie. Mkono wa kulia una malengelenge, kalamu naishika kwa vidole viwili.

Mimi ni mzima. Hilo unalijua, maana wifi alipata habari kwa dereva wa lori la saruji. Yaliyobaki huenda hujayasikia. Moto ulishuka kutoka kwenye misonobari Jumanne ya tarehe kumi na moja, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa ndio wanarudi kutoka kazini. Haikupita saa nzima, nyumba saba za mstari wetu zilikuwa zimekwisha. Jiko langu la nje limekwenda, na bati za chumba cha kushonea zimejikunja, lakini nyumba imesimama na cherehani zote mbili zinafanya kazi. Jirani yangu Mwalimu, yule aliyekufundisha hesabu mpaka ukazichukia, hakutoka. Tulimzika Ijumaa.

Sasa kuna maneno. Watu wananitupia jicho la pembeni: kwa nini nyumba yangu ipo wakati ya Mwalimu, hatua kumi kutoka kwangu, imebaki kuta? Lakini maneno makubwa ni ya ule mkanda wa kuzuia moto juu ya mtaa, ile ardhi ambayo ofisi yenu inatakiwa kuifyeka kila mwaka hadi ibaki udongo mtupu, ili moto ukija ukose cha kula. Juzi nilipanda mwenyewe kuangalia. Pale pasipoungua, nyasi zinanifika kiunoni.

Na kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa kuna karatasi: mkanda umefyekwa na kukaguliwa, 17 Juni. Saini ni yako. Naijua, ule mkia wa herufi ya mwisho kama mjusi anayekimbia.

Ulikuja huku Juni? Ulipita mlangoni kwangu usiingie hata kunywa maji? Nieleze, maana fundi viatu aliisoma karatasi ile kwa sauti mbele ya watu, kisha akaniuliza, "Huyu si mdogo wako?" Nikasema ndiye.

Tume ya uchunguzi inakuja mwezi ujao. Niandikie kabla.

Dada yako


Mjini, 24 Agosti

Dada,

Pole sana. Habari ya Mwalimu imenikata maini. Mke wangu na watoto wanakupa pole, na mdogo anauliza kama shangazi bado ana nyumba.

Kuhusu Juni: nilikuja, ila mbio mbio. Gari la ofisi lilikuwa na maeneo kumi na moja ya kukagua kwa siku mbili, na dereva alikuwa hataki kusimama popote. Ningeingia kwako ningekaa, si unanijua. Nyasi ulizoziona zitakuwa zimeota baadaye, baada ya zile mvua za kuchelewa. Watu wasiojua kazi hii hawaelewi nyasi zinavyokimbia.

Sasa nisaidie. Naandaa maelezo ya ofisi, na nahitaji kujua mambo machache kutoka kwa mtu ninayemwamini. Upepo ulitoka upande gani mchana ule? Nani alikuwa na moto nyumbani kwake siku ile au siku moja kabla? Nani anachomea taka nyuma ya nyumba? Majani yalikuwa yamerundikana wapi? Mwalimu alikuwa bado anavuta kile kiko chake? Na wewe, shimo lako la taka bado lipo pale pale kwenye ukingo wa juu?

Usizungumze na mtu yeyote wa Tume kabla hujaniandikia. Na barua hii ukishaisoma, ichane.

Mdogo wako


Nyumbani, 29 Agosti

Mdogo wangu,

Umeniuliza maswali sita, na hakuna hata moja linalouliza mkono wangu unaendeleaje. Unaendelea vizuri, ahsante.

Barua sikuichana. Niliisoma mara tatu nikaiweka kwenye kopo la vifungo. Mvua za kuchelewa ni zipi? Tangu Mei tanki langu ukiligonga linalia kama ngoma. Mtu mwingine ningemwambia ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe nasubiri.

Lakini kuna jambo, na nimelibeba peke yangu siku kumi na nane mpaka shingo inaniuma. Jumatatu, siku moja kabla ya moto, nilichoma vipande vya vitambaa shimoni. Mifuko miwili ya masalio ya sare za shule. Najua ilikatazwa. Tangazo la ofisi yenu lilibandikwa mlangoni kwangu tangu Juni: hakuna kuchoma chochote mpaka mvua zinyeshe. Nilisema moyoni, ni vitambaa tu, ni nusu saa. Nilisimama pale na ufagio mpaka moto ukaisha, nikamwaga ndoo mbili, nikakoroga kwa mti, nikamwaga ya tatu. Jumanne asubuhi niliweka kiganja juu ya majivu. Yalikuwa baridi. Naapa yalikuwa baridi.

Upande wa pili, nilifagia majani mita kumi kuizunguka nyumba, kama tulivyoagizwa kwenye mkutano wa Machi. Majirani walinicheka wakasema nafagia msitu. Ndiyo maana nyumba imesimama. Lakini nikisema hilo, ataulizwa nani mwingine amefanya nini, na mimi shimo langu lipo pale kwenye ukingo.

Binti wa Mwalimu amekuja kukaa kwa rafiki yake hapa mtaani. Jana alikuja na kitambaa nimshonee mwanawe kaptula, maana nguo za mtoto ziliungua zote alizoziacha kwa babu yake. Nilimpima yule mtoto mara mbili, maana namba ilinitoka.

Wewe kazi hii unaijua. Niambie ukweli: linaweza kuwa shimo langu?

Nimekwambia wewe tu. Bahasha nimeishona kwa uzi ili nijue kama imefunguliwa.

Dada yako


Mjini, 3 Septemba

Dada,

Uzi ulifika mzima. Umeniambia mimi, basi liishie kwangu.

Umeuliza, nami sitakudanganya. Inawezekana. Moto unaweza kujificha chini ya majivu, ukashika mzizi mkavu, ukatembea chini kwa chini siku nzima kabla ya kutoka. Kiganja hakiwezi kuusikia. Nimeshaona hivyo mara mbili katika kazi hii.

Lakini usijitese. Hukukusudia. Ukinisikiliza, mambo yatakwenda taratibu. Usiende kutoa ushahidi. Ukiitwa, sema unaumwa mkono. Tume hizi zinachoka haraka. Zikikosa mtu wa kumnyooshea kidole zinaandika kwamba chanzo hakikujulikana, na kila mtu anarudi kwake. Ya mkanda pia waachie ofisi, kuna watu wa kuyajibu.

Mimi ni mdogo wako. Nitakulinda.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Septemba

Mdogo wangu,

Jana saa nne asubuhi walikuja wanaume wawili na gari la ofisi yenu. Hawakubisha hodi. Niliwakuta nyuma ya nyumba, mmoja ameshika futi, mwingine anapiga picha shimo langu.

Nikawasalimia. Yule wa futi akasema, "Mama, hapa ndipo ulipochomea vipande vya vitambaa?"

Nikamwuliza amejuaje kwamba ni vitambaa.

Akamwangalia mwenzake. "Tuna taarifa."

"Taarifa ya nani?"

"Ya ofisi."

Majivu ni meusi, mdogo wangu. Hayasemi yalikuwa kaptula au magazeti. Jambo lile niliandika kwenye karatasi moja tu, nikaishona, na wewe mwenyewe umesema uzi ulifika mzima.

Nakuuliza mara moja. Nani amewaambia?

Dada yako


Mjini, 11 Septemba

Dada,

Nilijua utawaza vibaya. Barua yako ilikuwa mezani kwangu, Mkuu wa Idara akaingia kuchukua mafaili, macho yake yakaiangukia. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini tuongee kama watu wazima. Ulichoma kweli, mimi sikubuni. Na kwa kuwa limeshajulikana, afadhali limalizwe vizuri. Nimezungumza na Mkuu kwa ajili yako. Karatasi niliyoambatanisha ni maelezo mafupi, kwamba ulichoma taka kwa bahati mbaya wakati wa katazo, na kwamba unajuta. Ukitia saini na kuirudisha kabla ya tarehe ishirini, ameahidi hutafikishwa mahakamani. Ni onyo tu. Ukikataa, Tume itakuta picha za shimo na sitakuwa na njia ya kukusaidia.

Tafadhali. Nakuomba kwa heshima zote. Usizunguke huku na huko kuuliza watu.

Mdogo wako


Ghala la vifaa, 14 Septemba

Kwako Mama Fundi,

Mimi ni yule mlinzi wa mnara wa kuangalia moto, wanayemwita Darubini. Suruali yangu ya sare umeipunguza mara mbili kwa sababu naendelea kukonda. Nakuomba radhi kwa kukuandikia bila kujuana zaidi ya hapo.

Siko tena mnarani. Siku tatu baada ya moto nilihamishiwa ghalani, ambako kazi yangu ni kuhesabu koleo. Ziko sitini na mbili. Jana pia zilikuwa sitini na mbili.

Wiki hii nimewasikia vijana wawili wa ofisi wakicheka kwamba moto ule umeshapata mwenyewe, fundi cherehani aliyechoma vitambaa. Nikaiacha sahani yangu.

Mama, moshi haukutoka kwako. Nilikuwa juu ya mnara siku ile. Saa tisa na dakika kumi niliona moshi bonde la magharibi, upande wa machimbo ya kokoto, mbali na mtaa wenu kwa mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu. Upepo ulikuwa unatoka huko huko. Paa lako la bati jekundu ndilo alama yangu ya kupimia, naliangalia kila nusu saa. Hapakuwa na kitu juu yake, hata mvuke. Niliandika kwenye daftari la zamu: saa, upande, rangi ya moshi. Kisha nikapiga simu ofisini. Nikapiga tena saa tisa na ishirini na tano. Nikapiga tena saa kumi kasoro robo. Hakuna aliyepokea. Nayo nikaiandika, kila simu kwa dakika yake.

Asubuhi ya Jumatano alikuja mtu kulichukua daftari. Alisema linahitajika mjini. Hakuniandikia hata karatasi ya kupokea. Nasikia aibu kukutajia, lakini ni mkaguzi, mdogo wako mwenyewe. Tulisalimiana vizuri tu.

Nina watoto wanne, na nilinyamaza kwa ajili yao. Sasa nimeona kunyamaza kwangu kunamwangukia mtu mwingine. Sijui kama nitapata nguvu ya kusimama mbele ya Tume bila daftari. Nitakuwa mhesabu koleo anayewasingizia wakubwa. Lakini wewe ulistahili kujua.

Darubini


Nyumbani, 17 Septemba

Mdogo wangu,

Karatasi yako ya maelezo iko hapa mbele yangu, haina saini. Kalamu niliishika mara mbili. Nataka ulijue hilo: nilikuwa tayari. Ningeitia saini jana kama posta isingeniletea barua nyingine asubuhi.

Daftari la zamu liko wapi?

Sitakutajia nimejuaje. Najua ulilichukua Jumatano ile, majivu ya mtaa yakiwa bado ya moto. Ulifika mpaka mnarani, ukaona moshi wa mtaa wetu kwa macho yako, ukageuza gari. Na siku uliponiandikia kwamba mzizi unaweza kubeba moto chini kwa chini, ulikuwa umeshasoma saa tisa na dakika kumi. Uliniacha niamini kwamba nimemuua Mwalimu. Wiki mbili nimempimia mjukuu wake nguo huku najiita muuaji, na wewe ulijua.

Nimejaribu kukutukana kwenye karatasi hii, imeshindikana. Nimechana mbili.

Sasa sikiliza na langu, maana nami si msafi, na sitaki uje kulisikia kwa wengine. Kati ya nyumba yangu na ya Mwalimu kuna uchochoro unaoshuka barabarani. Aprili niliuziba kwa mbao na bati za zamani. Watu walikuwa wanapita wakichungulia dirishani wateja wakijipima nguo. Mwalimu aliniambia mara mbili, "Mama Fundi, hii njia ni ya wote, siku ya shida tutapita wapi?" Nikamwambia nitatoa kesho. Mara ya pili nikamwambia ana haraka gani, anakimbizwa na nani.

Alikutwa pale, kwenye bati zangu. Mkono wangu niliuunguza nikizivuta, nimechelewa. Watu wanadhani bati zile zilianguka kutoka kwenye paa. Binti yake anadhani hivyo hivyo, na mimi nimemwacha adhani.

Kwa hiyo wewe uliniangalia nikibeba kosa ambalo si langu, na mimi nikalishikilia, kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko lililo langu. Nimelifikiria sana hilo.

Tume inakaa tarehe ishirini na nne kwenye ukumbi wa shule. Nitasimama niseme habari ya shimo na ya uchochoro, yote mawili. Uje na daftari. Bila daftari usije, maana sitaki kukuona umekaa upande wa wakubwa ukiniangalia.

Dada yako


Mjini, 20 Septemba

Dada,

Liko kabatini kwangu, chini ya mashati ya kazini. Mke wangu aliliona wiki ya kwanza. Hakuuliza, ila tangu siku ile ananikabidhi shati mkononi, kabatini hafungui.

Juni sikuja. Gari lilikuwa bovu tangu Mei. Mkuu wa Idara aliweka karatasi kumi na moja mezani, akasema, "Tia saini, wakandarasi wamethibitisha kwa simu." Nilitia zote nikiwa nakunywa chai. Mwaka juzi ilikuwa hivyo hivyo, na mwaka juzi hakukuungua kitu, basi nikaona ndiyo kazi ilivyo. Nilianza kazi hii nikipanda kila mlima na buti zangu, unakumbuka. Sijui ni mwaka gani niliacha.

Siku ya moto mimi na Mkuu tulikuwa kwenye semina upande wa pili wa mji, na chumba cha simu kilifungwa kwa sababu anayekaa pale aliitwa kupanga viti. Kupanga viti, dada. Kesho yake Mkuu akaniambia, "Daftari lile likisomwa tumekwisha wote wawili, wewe ndiye mwenye saini." Nikaenda.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Barua haikuonekana mezani kwa bahati mbaya. Nilimpelekea mwenyewe. Niliposoma kwamba ulichoma vitambaa, nilifurahi. Sikuwaza kwanza kuhusu wewe wala Mwalimu. Nilikaa pale na barua yako mkononi nikahisi mzigo umenitoka begani, nikafurahi. Ilikuwa kama dakika moja. Ndipo nikakumbuka ni nani ameandika.

Sijui kama nitakuja. Nikilileta daftari kazi imekwisha, na huenda jela. Nisipolileta, nitalala humu ndani nalo. Nikikuahidi leo utakuwa uongo mwingine.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Septemba

Mdogo wangu,

Ulikuja. Uliondoka kwa mlango wa nyuma bila kunisalimia, na sikukufuata. Kwa kuwa muda wote ulikuwa unaangalia meza, nitakueleza usiyoyaona.

Ulipolitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, Mkuu wako alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kulipokea. Mwenyekiti wa Tume, yule mama mwenye miwani, alimwambia, "Kaa." Akakaa. Walipofika kwenye simu tatu, ukaeleza habari ya semina bila kuinua kichwa. Fundi viatu akasema polepole, kama anajisemea, "Walikuwa wanapanga viti." Hakuna aliyecheka.

Mkuu aliposema hajawahi kukuagiza chochote na kwamba saini ni ya aliyesaini, nilikuona unatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kusimama. Sikusimama, kwa sababu saini kweli ni yako.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisema ya shimo, wakaandika. Nikasema ya uchochoro. Mwenyekiti akaniuliza, "Aliwahi kukuomba uondoe?" Nikasema mara mbili. "Ukamjibuje?" Nikayarudia maneno yangu kama nilivyomwambia, mbele ya binti yake. Yeye hakulia. Alitoka na mtoto. Jioni alikuja kwangu, akasimama mlangoni.

Akasema, "Ile kaptula nitailipia, Mama Fundi. Sitaki ya bure."

Nikamwambia sawa.

"Na zile bati ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliziangalia moja moja, kisha akaomba zisiuzwe wala zisitupwe mpaka Tume imalize. Nikamwambia hazitaguswa. Hilo tu. Sijui alikuwa ananipa nini, au ananinyang'anya nini.

Kuna swali limebaki. Darubini alikuja pia. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi tangu saa mbili, amevaa ile suruali, anasubiri kuitwa. Ulimwona ulipokuwa unaingia. Nilikuwa dirishani, nikakuona unasimama, unamwangalia, kisha unaingia. Kama angekuwa hayupo, mfuko ule ungeufungua? Au uliona kwamba hata usipofungua wewe, atafungua yeye?

Usinijibu. Chochote utakachoandika sitaweza kukiamini, na nadhani hata wewe huna uhakika.

Dada yako


Mjini, 26 Aprili

Dada,

Miezi saba sijakuandikia, na simu zenu zilisharudi tangu Desemba. Kwa simu ungenikata, ndiyo maana nimerudia kalamu.

Ripoti umeisoma. Nimefukuzwa kazi, kesi yangu ya kutoa taarifa ya uongo itasikilizwa Julai. Mkuu amehamishiwa idara ya bustani. Wenye machimbo, moto ulikoanzia, wamepewa onyo. Wewe umo ukurasa wa thelathini na moja, "mkazi aliyeziba njia". Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko ule wangu.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, nabeba tu. Nimesikia wananchi mtaani kwenu wanafyeka mkanda wenyewe mwaka huu, na kwamba mkaguzi mpya hasaini mpaka awe ameutembea wote na wakazi wawili. Nina panga na nina Jumamosi. Naweza kuja?

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Mei

Mdogo wangu,

Nimewauliza. Sikukuombea, niliuliza tu kama nafasi ipo. Fundi viatu alisema mtu mwenye mikono miwili hakataliwi. Mwingine akasema uje, lakini upewe kipande ambacho kitaonekana kutoka barabarani, ili kila mtu akione. Wamekubaliana na huyo.

Kipande chako kinaanzia kwenye mwamba uliopasuka mpaka mferejini, mita mia moja na ishirini. Ni miiba mitupu, njoo na glavu. Darubini amerudishwa mnarani, atakuwa anakuona siku nzima, na sidhani kama atakutazama kwa ubaya. Mtu yule hana tabia hiyo. Binti wa Mwalimu anafyeka kipande kinachopakana na chako. Alihamia hapa Januari, anajenga pale pale. Nilimwambia nani atakuwa jirani yake. Akaendelea kunoa panga. Usimsalimie kwanza. Akikusalimia, itika.

Uchochoro uko wazi. Kila Jumapili naufagia, na kila nikifika katikati nasimama.

Wakaguzi wawili wa wakazi mwaka huu ni mimi na mwenye duka la mbao. Nitapita kipande chako saa kumi jioni. Nikikuta nyasi nitasema kuna nyasi, mbele ya watu, na utarudi Jumamosi nyingine.

Chakula kitaletwa juu saa saba, nitapika mimi. Utakula huko huko na wenzako. Basi la mwisho la kurudi mjini linaondoka saa kumi na mbili, usilikose, maana najua utataka kuuliza kama unaweza kulala kwangu.

Kwangu bado.

Dada yako